Ndolo Kivuva, Pacha Aliyepimwa kwa Mzani wa Ndengu

Wapendwa mliokuja kulia nasi, familia imenichagua mimi Muthama nisome, ingawa niliacha shule darasa la sita, kwa sababu sauti yangu inafika Matiliku bila spika, na kwa sababu nilimjua Ndolo kabla yenu nyote, tulikuwa pamoja tumboni.

Ndolo Kivuva alizaliwa tarehe 9 Novemba 1968 hapa Mbooni, nusu saa baada yangu, kwa hivyo mkubwa ni mimi, jambo alilolikataa mpaka mwisho. Tulikuja kwa miezi saba, baba akatuweka pamoja kwenye mzani wa ndengu, sisi wawili hatukufika kilo tatu, nyanya Mbinya akatufunga pamba na kutulaza karibu na moto, mama akilia kwa hofu. Tulipopona, hofu ikageuka sherehe, kila Krismasi tukapandishwa mzani ule ule mbele ya majirani, aliyezidi akapewa paja la kuku. Ndolo alinishinda kila mwaka, akiniambia, "Shika jiwe, bwana, upepo unakuja."

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1983, na 1986 akaajiriwa kukaanga chapati kwenye hoteli ya madereva Mtito Andei, ambako alinenepa tumbo peke yake, miguu ikabaki miembamba, nami nikamwita tangi juu ya fito. Tarehe 12 Desemba 1992 alimwoa Kasyoka, wakajaliwa Mutiso, Agosti 1994, aliyekaa tumboni miezi tisa kamili, si saba kama sisi.

Oktoba mwaka jana alirudi nyumbani na kiu isiyoisha, anakojoa kila mara, na alipokojoa sisimizi wanajaa. Krismasi akapanda mzani, amepungua kilo kumi na moja. Sisi tuliojua ugonjwa mmoja tu, ule wa kuwa mwepesi, tukaogopa kama mwaka 1968, tukamlisha uji wa sukari, soda, chai nzito, mama akimbembeleza, "Kunywa mwanangu, urudi kwa mzani," naye akanywa.

Tarehe 3 Februari 1996 alipoteza fahamu, tukambeba kwa machela mpaka barabarani, na hospitalini daktari akasema ni sukari, akauliza alizaliwaje. Akatueleza kwamba si wote, lakini baadhi ya waliozaliwa kabla ya wakati, wadogo hivyo, mwili huja kushindwa na sukari ukubwani, kwa hivyo wapimwe mapema, hata wakionekana wazima. Ndolo alizinduka kidogo, akanitazama, akasema, "Na wewe uliyekuwa nami ndani, wewe ni chumvi?" Alitutoka tarehe 6.

Tunamshukuru daktari, majirani waliobeba machela, na wenzake wa Mtito Andei walioleta gari. Mama, usijilaumu, hakuna aliyejua. Na wewe Sista Nduta wa zahanati, nakuona huko nyuma, tafadhali usiondoke. Wiki hii nimemaliza mtungi wa maji wa Kasyoka peke yangu nikasema ni kiu ya kilio, na jana, nyuma ya choo, niliona sisimizi. Mimi ninayewacheka nyote, leo naogopa. Chai yangu isitiwe sukari, na tukishamfukia ndugu yangu, Sista, unipime.

Lala kwa amani, Ndolo. Kuja duniani ulinifuata kwa nusu saa, lakini mimi, ndugu yangu, sina haraka ya kukufuata.