Kurasa Zilizopigwa Pasi

Wasikilizaji wapendwa, leo ni Jumanne, tarehe kumi na tisa Machi. Asubuhi hii kumekucha na ukungu. Rasharasha inanyesha tangu alfajiri, na nguo kwenye kamba hazitakauka leo. Kwa mama tunayemkumbuka, siku kama hii ilikuwa siku ya kazi nzito.

Alikuwa mpiga pasi katika chumba cha kufulia nguo cha hospitali. Wenzake walimwita Mama Pasi. Alifariki Alhamisi iliyopita kwa maradhi ya kifua, akiwa na miaka sitini na mbili. Ameacha mume asiyeona. Ameacha mtoto mmoja wa kiume, fundi wa kuchomelea vyuma. Na ameacha swali moja nyumbani kwake: sasa nani atamsomea mzee?

Turudi nyuma miaka kumi na moja. Mwaka ule binti yao aliugua siku nne tu, akafariki. Alikuwa mwalimu wa watoto wadogo. Kabla msiba haujapoa, kisukari kikamaliza macho ya baba, aliyekuwa dereva wa lori. Mzee akawa anakaa kitandani ameuelekea ukuta, utadhani bado anauona.

Mama Pasi aliendelea na kazi. Asubuhi moja, kwenye pipa la kuloweka, wakakuta Biblia ndani ya foronya. Mgonjwa fulani aliilalia, ikaja na mashuka, ikalala majini usiku mzima. Jalada limeng'oka. Gundi imeyeyuka. Kingo zenye namba za kurasa zimechanika.

Mwenzake wa mashine ya kufulia alinisimulia huku akicheka na kulia. "Nikamwambia, shoga, leo tumebatiza Biblia yenyewe! Yeye hakucheka. Alizunguka nayo wodi zote akimtafuta mwenyewe. Muuguzi akamwambia, mama, mwenyewe hayupo tena, na ndugu zake wamesema atakayeiokota aitunze."

Akaitunza kwa njia aliyoijua. Saa za mapumziko alitandaza ukurasa mmoja, akaufunika kwa kitambaa cha pamba, akapitisha pasi ya moto mdogo. Kisha ukurasa mwingine. Kazi hiyo ilimchukua majuma matano. Wenzake wakamtania, "Wewe, hata Neno la Mungu unataka lisiwe na mkunjo?" Zilipokauka zote akazipanga, akazishona kwa uzi wa kushonea mashuka.

Lakini, wasikilizaji wapendwa, Mama Pasi hakujua kusoma. Na mumewe hakuona. Wa kusoma nyumbani mle alikuwa mmoja tu, yule mwana. Mama akampelekea kitabu.

"Msomee baba yako, mwanangu. Hata kidogo."

"Mama, Mungu aliyemchukua dada yangu, mimi simsomei."

Hakumgombeza. Alimjibu hivi, na mwana mwenyewe ndiye aliyeniambia: "Haya. Mnunie. Ila usihame. Mnunie ukiwa papo hapo."

Juma lililofuata mama akajiandikisha darasa la jioni la watu wazima. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Mimi pia nilikuwa mwanafunzi pale, dawati la nyuma yake. Alikuja na harufu ya sabuni, vidole vina alama za moto, na penseli aliishika kana kwamba itaponyoka. Alijifunza polepole. Lakini kila alichokijua jioni, asubuhi alimsomea mumewe kabla ya kwenda kazini. Mwanzoni neno moja. Baadaye mstari. Baadaye ukurasa mzima.

Mwaka wa tatu mwalimu alimwomba asome mbele yetu. Akafungua kitabu chake. Akasoma Ayubu anapoilaani siku aliyozaliwa. Akasoma kwa kidole, hadi chini. Akageuza ukurasa, akaendelea bila kupumzika na ile zaburi ya mchungaji anayempitisha mtu katika bonde lenye giza.

"Ngoja, mama," mwalimu akasema. "Hapo umeruka."

"Sijaruka, mwalimu. Nimegeuza."

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu akakichukua kitabu, akakikagua, akaelewa. Mama alizishona kurasa bila kujua kusoma, na namba hazikuwepo. Vilio vilikutana na majibu yasiyo yao. Mwalimu akaahidi kumletea Biblia nyingine, na ile aifumue, aipange upya.

Mama Pasi akafikiri. Kisha akauliza, "Kwani kwenye mpangilio wenyewe, Ayubu anajibiwa lini?"

"Mbali sana, mama. Sura zaidi ya thelathini mbele."

"Basi hiyo mpya niletee, nijifunze ilivyo. Ila hii niachie. Ayubu alikuwa na pumzi ya kusubiri sura zote hizo. Mzee wangu hana."

Mimi nimesali miaka mingi, lakini siku ile nilijifunza jambo. Mtu aliyeumia haendi kwenye Maandiko kutafuta hoja. Anakwenda kuona kama yupo mwingine aliyewahi kulia hivi, na kama Mungu alibaki kumsikiliza. Wote wawili wamo humo. Yupo anayelia, na yupo anayesikiliza.

Mzee alianza kugeuka kutoka ukutani. Hakugeuka siku moja. Jirani yao anasema kwanza walisikia sauti ya mama peke yake asubuhi, ikikwamakwama. Baada ya miezi wakasikia sauti mbili. Mzee alikuwa akimsahihisha! "Rudia hapo, mke wangu, umemnyima Daudi pumzi." Naye anajibu, "Tulia, dereva, gari naendesha mimi leo."

Walisoma hivyo kila asubuhi kwa miaka minane, hadi Jumatano iliyopita.

Jumamosi tulimzika. Baadaye tukakaa sebuleni kwao: ndugu, majirani, wafuaji wa hospitali, mchungaji wa kanisa lao. Mchungaji akamuuliza mzee anahitaji nini.

"Chakula kipo," mzee akasema. "Watu mpo, asanteni. Shida yangu ni asubuhi."

Shangazi mmoja wa familia, mwenye moyo mwema, akasema, "Baba, siku hizi hata simu inasoma Biblia. Unabonyeza tu."

"Najua, mama. Lakini simu haijui kunisubiri nikilia."

Nitawaeleza kilichofuata. Kwanza niwape pole wafiwa. Pole, mzee wetu. Pole, mwana. Poleni ninyi wa chumba cha kufulia, mlioiona meza yake ya pasi tupu jana. Mungu awashike. Nawe unayenisikiliza, mfikirie yule mtu wa nyumbani kwako aliyeuelekea ukuta. Labda huna maneno ya kumpa. Mama Pasi naye hakuwa nayo. Alianza na neno moja kwa siku.

Sasa nirudi sebuleni. Yule fundi wa vyuma alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma. Miaka kumi na moja hakuwa ameigusa Biblia. Akaja hadi kwenye kiti cha baba yake, akapiga magoti. Akasema kwa sauti, sote tukisikia:

"Baba, sitakudanganya mbele ya watu hawa. Bado nimemnunia Mungu. Sijui nitaacha lini. Lakini kesho saa kumi na mbili asubuhi nitakusomea. Na kesho kutwa. Ukilia, nitasimama nikusubiri. Nikilia mimi, nawe unisubiri. Naahidi, mchungaji akiwa shahidi, na shangazi, na wote mlio hapa: asubuhi hazitapita kimya tena nyumbani humu."