Kopo la Paskazia

Kwenye meli ya Nansio kwenda Mwanza nilikaa nyuma ya mama mmoja, Paskazia, aliyekuwa na kopo la maziwa ya unga. Mzee mfugaji aliyekaa pembeni yake akamwuliza ni ya mtoto gani.

“Si ya mtoto, mzee wangu. Wakwe zetu wanakuja leo kwa binti yangu, mara ya kwanza. Napikia chai na wali.”

“Wakwe kwa unga? Sisi Wasukuma mkwe anapewa maziwa ya ng’ombe, mama.”

“Maziwa mabichi ya kuwatosha wote yangemaliza hela ya kuku. Haya niliyanunua bei ikiwa chini, nikayaweka. Nakoroga kwanza na maji ya vuguvugu, hayashiki madonge.”

“Na ng’ombe umemkorogea wapi?”

Tulicheka, Paskazia naye akacheka, ila vidole vyake vilikunja ncha ya kanga. “Usinitie hofu, mzee. Wakiondoka wamenuna, binti yangu ndiye atakayeishi nao.”

Mzee akalegeza sauti. “Basi tia iliki, nyingi. Lakini bado si maziwa.”

“Ni maziwa, yamekaushwa tu. Kwani dagaa mkavu si samaki?”

“Dagaa hawekwi kwenye chai ya wakwe.”

Wimbi likarusha maji dirishani. Mzee akalinyakua kopo, akalipakata na kulifunika kwa koti lake, huku akiendelea kulisema vibaya.

Meli ilipofika gatini alishuka nalo kwapani, bado anabisha, na Paskazia nyuma amemshika mkono asiteleze.