Aliyeuliza Zilizoshindwa Ziko Wapi

Marehemu dada yetu, aliyejulikana na wengi kama Mama Majarida, alizaliwa tarehe 9 Juni 1964, kifungua mimba wa fundi cherehani na mkunga. Shuleni alikuwa mbishi. Mwalimu akimsifu wa kwanza darasani, yeye huuliza wa mwisho amepatwa na nini.

Baada ya kusomea ukutubi, mwaka 1988 aliajiriwa katika maktaba ya chuo cha udaktari, kwenye chumba cha chini chenye feni iliyolia kama mbuzi. Kazi yake ilikuwa kulinganisha majarida ya utafiti wa tiba: lipi huchapa nini, na lipi huacha nini. Akabaini kwamba dawa ikifaa hupiganiwa na kila jarida. Ikishindwa, utafiti wake huozea kwenye droo. "Wanatuonyesha harusi tu," alizoea kusema, "talaka hawatuambii."

Alifunga ndoa tarehe 15 Agosti 1992. Siku ya posa, wajomba wa shemeji walimsifu kijana wao mpaka marehemu akachoka. "Na waliokukataa, walisemaje?" akamuuliza kijana mwenyewe. Wazee wakaguna. Shemeji akajikuna kichwa: "Mmoja alisema nakoroma. Mwingine, eti mimi bahili." Akakubaliwa papo hapo. Na kukoroma, alikoroma kweli.

Mwaka juzi figo zilianza kumlemea. Daktari wake alileta makala kadhaa, zote zikiisifu dawa mpya.

"Zilizoshindwa ziko wapi, mwanangu?"

"Sijaziona, mama."

Alijua fika maana ya jibu hilo. Lakini mfa maji haachi kutapatapa, akameza. Tuliomba, tukalia, tukamdanganya kwamba uvimbe wa miguu unapungua. Dawa iliposhindwa, alimshika daktari koti: "Andika kwamba haikufaa. Niahidi." Daktari akaandika. Majarida mawili yakamrudishia makala yake, yakisema hayaoni jipya. Dada alipoambiwa alicheka, "Si niliwaambia?" Kisha akalia, naye hakuwa mtu wa kulia. Alifariki tarehe 2 Machi mwaka huu, mikononi mwa mumewe.

Basi habari hiyo tunaichapa sisi, kwenye karatasi hii mliyoishika: dawa ile haikumfaa.

Ameacha mume, wana wawili, na mdogo wake anayewasomea haya, ambaye figo zake nazo zimeanza kumsumbua. Jumatatu anatakiwa kuanza dawa hiyohiyo. Nyingine hakuna, na ataimeza.

Dada yake apumzike kwa amani.