Samli Mikononi, Dhahabu Juu ya Maji

Wasikilizaji wapendwa, kama pana maji karibu nanyi, hata ya kikombe, yatazameni tunapozungumza. Leo tunamkumbuka Mwalimu Philomena Ngassa wa Kharumwa, aliyezikwa Jumamosi. Alifundisha kemia hadi alipostaafu. Narudia: kemia. Hata hivyo, anayemlilia kwa mshangao mkubwa kuliko wote hakuwahi kuketi darasani mwake. Ni jirani yake, Vumilia, yaani Mama Kudra, mwoshaji wa mchanga wa dhahabu.

Mwaka juzi, katika mwalo mmoja wa kuoshea mchanga nje ya mji, Vumilia alizungusha karai lake kama wenzake. Kwa wenzake dhahabu ilizama. Kwake ilielea. Chenga laini ziling'aa juu ya maji, kisha zikamwagika pamoja na tope. Siku ya pili, vivyo hivyo. Mwigulu, msimamizi wa mwalo, akatoa hukumu.

"Mama Kudra, dhahabu inakukimbia. Una nuksi. Kesho usije."

"Nuksi gani, Baba? Nimeamka, nimejipaka mafuta, nimekuja kazini."

"Basi hata mafuta yako yana nuksi!"

Watu wakaangua kicheko. Vumilia hakucheka. Karai lile ndilo lililowalisha yeye na mwanawe. Jioni alibisha hodi kwa Mwalimu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Usilie kabla hujaeleza. Eleza."

Akaeleza. Mwalimu akamwamuru anyooshe mikono, akainusa. Ilinuka samli ya ng'ombe. Tope lilikuwa limempasua ngozi, naye alijipaka samli kila asubuhi, kama mama yake alivyomfunza.

Asubuhi iliyofuata Mwalimu aliingia mwaloni akiwa na Vumilia na kipande cha sabuni.

"Nyamazeni," alisema. "Molekuli ya maji ina oksijeni moja na haidrojeni mbili. Oksijeni huzivutia elektroni kwake. Upande wake huwa hasi kidogo. Upande wa haidrojeni huwa chanya kidogo. Kwa jumla molekuli haina chaji, lakini pande zake zinazo. Hasi ya hii huivuta chanya ya ile. Ndivyo maji yanavyoshikana. Mafuta ni minyororo ya kaboni na haidrojeni. Hayana pande za namna hiyo, basi maji huyaacha nje."

"Kumbe maji yana wivu!" Mwigulu akadakia.

"Hayana wivu. Yana chaji. Usiniharibie somo."

Kisha akasema neno lililomchanganya Vumilia hadi leo: "Msimamizi alisema kweli. Dhahabu ilimkimbia mama huyu."

Vumilia akamkazia macho. Huyu alikuja kumtetea, au kumzika?

"Ilimkimbia kwa sababu ya samli, si nuksi. Samli imezipaka chenga, na maji yaliyoshikana yamezibeba juu. Sabuni ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta. Tazameni."

Akakipaka kidole sabuni, akagusa maji ya karai la Vumilia, ambamo chenga zilikuwa zimeelea tena. Chenga zikatawanyika, zikazama.

Vumilia akabaki kazini. Njiani akauliza, "Mwalimu, umenitetea au umenishtaki?"

"Nimekwambia unawe, mayo, mama yangu. Nawa."

Binti wa marehemu, Hosiana, anasema, "Mama ukimshukuru, alikuwa anakuuliza swali."

Msibani, Vumilia aliosha sufuria za wali. Alitia sabuni, mafuta yakakimbilia kingoni, naye akaangua kilio. "Hosiana, maji hayana chaji, tena yana chaji. Nilitaka aniambie tena. Sasa nimwulize nani?"

Na Mwigulu? Siku hizi huweka sabuni mwaloni. Anawaambia wageni kwamba inafukuza nuksi. Vumilia husikia, hufungua kinywa amsahihishe, kisha somo humpotea katikati. Basi hunawa, akainama juu ya karai.

Kwa Hosiana na ukoo wote wa Ngassa, poleni sana. Mungu ampumzishe Mwalimu mahali pema. Nasi tuliobaki tutafakari: kabla hatujamfukuza mtu kwa nuksi, tumwombe kwanza anyooshe mikono.