Mzee Nukta na Mito Isiyo na Mwenyewe

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Mzee Nukta, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkunga. Baada ya kidato cha nne alisomea upimaji ardhi, akikaa dawati moja na rafiki yake wa kufa na kuzikana, Mwembamba.

Mwaka 1974 aliajiriwa ofisi ya ramani. Kwa miaka minne aliizunguka wilaya nzima kwa miguu akipima vilima na mito, kisha akachora ramani iliyomjengea jina. Mwaka 1979 alimwoa mwalimu wa hesabu, ambaye alimsahihishia vipimo kwanza ndipo akamkubali.

Mwaka 1986 Mwembamba alitoa ramani yake ya wilaya ile ile, na shule zikaipenda zaidi. Wivu ukamkaba marehemu. Alinunua nakala, na kila Jumapili aliikagua kwa lenzi akitafuta kosa. Akiikuta imetundikwa ofisini kwa watu, aliketi akiipa mgongo. Mwishowe alimshtaki rafiki yake kwa wizi wa kazi.

Hakimu alimwambia kwa upole, "Bwana, rangi zako na namna ulivyochora ni haki yako. Lakini mto unapita unapopita. Hilo halina mwenyewe. Mwenzako amepima na kuchora kwa mkono wake."

Alishindwa, wala hakumsalimia tena Mwembamba.

"Baba, si yalishaisha?" binti yake mkubwa alimwuliza miaka mingi baadaye.

"Kwako yameisha."

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2019. Wiki mbili kabla marehemu hajafariki, Mwembamba aliingia wodini bila kuitwa. Marehemu alimwuliza, binti yake huyo akiwa kando ya kitanda:

"Kile kijito cha nyuma ya machimbo, ulikwenda mwenyewe?"

"Nilikwenda. Maji yalinifika kiunoni."

"Mimi nilikisia tu. Nilipoona umekiweka mahali pake, nilijua umenipita. Hilo ndilo lililoniuma, si wizi."

Mwembamba alivuta kiti, wakakaa pamoja mpaka muuguzi alipowatoa wageni.

Marehemu alifariki asubuhi ya tarehe 14 Juni 2021. Ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watano, dada mmoja na, kwa agizo lake mwenyewe, rafiki mmoja.

Mungu ampumzishe pema, roho yake itulie.