Mzee Callistus Ekisa na Mistari Miwili ya Kimya

Padre wetu, wazee wa ukoo, majirani wa Amukura, na ninyi mliovuka mpaka asubuhi ya leo, Jumamosi tarehe 15 Novemba 2025, kuja kutuzikia mzee wetu, familia inawasomea maisha ya Callistus Ekisa Okwakol, yaliyoandikwa na kitinda mimba wake, Velma, na kusomwa na kifungua mimba wake, Duncan, ambaye alimshauri dadake apunguze sehemu ya mwisho, naye dada akakataa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 hapa Amukura, mtoto wa tatu wa katekista Yohana Okwakol na Mama Akiteng, ambao wote wamemtangulia. Cheti chake cha ubatizo kinasema tarehe 16, lakini Mama Akiteng alishikilia 14 hadi alipofariki, na familia imemwamini yeye kwa kuwa ndiye aliyekuwepo.

Alisoma shule ya msingi papa hapa kuanzia 1968 hadi 1974, kisha sekondari hadi kidato cha nne mwaka 1978, na katika miaka hiyo padre mmoja mmishonari alimfundisha kusoma nota na kupiga piano ya ukumbi wa parokia, ile ile ambayo mchwa wamekula mguu wake mmoja na ambayo marehemu aliisimamisha kwa tofali.

Tarehe 2 Februari 1981 aliajiriwa Malaba kama tarishi katika ofisi ya mawakala wa forodha, akapanda hadi kuwa wakala mwenyewe mwaka 1989, akafanya kazi hiyo mpaka alipostaafu tarehe 31 Desemba 2019. Wenzake wanakumbuka kwamba forodha wakirudisha makaratasi ya mzigo yakiwa na hoja, yeye hakulala na hoja, aliipa kila moja nambari, akaijibu kwa mkono, akapiga muhuri wake mdogo wa "Imejibiwa", kwa sababu alijua kuwa nyuma ya kila karatasi kuna lori limesimama barabarani na dereva ndani yake.

Tarehe 22 Desemba 1990 alifunga ndoa na Truphena Mugeni wa Nambale, wakajaliwa watoto watatu, Duncan mwaka 1992, Christine mwaka 1995 na Velma mwaka 1999, na wajukuu watano.

Baada ya kustaafu, marehemu alitunga utungo wa piano peke yake, usio na maneno ya kuimbwa, akauita "Foleni", akaupiga kwa mara ya kwanza katika ukumbi wa parokia siku ya Jumapili, tarehe 6 Agosti 2023. Aliwagawia wasikilizaji nusu karatasi na kalamu, akaomba kila mmoja aandike alichosikia, na zilirudi karatasi thelathini na moja, ambazo alizipa nambari, akazijibu na kuzipiga muhuri kama alivyozoea. Jirani yetu Odeke aliandika, "Boss, hii wimbo haina maneno, sasa sisi tunaitikia wapi?" naye akajibiwa, "Itikia kwa kunyamaza, Odeke, ujaribu mara moja maishani." Mama Anyait wa sokoni aliandika, "Ni tamu mzee, lakini ni refu, nimeacha omena kwa jua," akajibiwa kwamba utungo ni dakika tisa na dagaa hao wake walikuwa juani tangu asubuhi.

Karatasi nambari 17 ni ya Kiptoo, dereva wa lori aliyekwama kwenye foleni ya Malaba siku hiyo na kuingia ukumbini kutafuta kivuli. Aliandika, "Mzee, mkono wa kushoto ni injini, nimeijua. Hapo katikati inanyamaza, unabaki mkono mmoja tu. Hapo ndio dereva huzima injini na kupigia mama watoto simu. Usiguse hapo." Marehemu alijibu, "Sitagusa," akapiga muhuri.

Velma hakuwepo, alikuwa chuo kikuu, mwaka wa nne, akisomea muziki, na babake alimtumia picha za nota kwa simu. Tarehe 20 Agosti 2023 alimrudishia kurasa mbili zenye hoja kumi na nne, zote zikiwa zimepigwa chapa, bila kuwa amesikia hata sauti moja ya utungo wenyewe. Hoja ya tisa ilisema kwamba mkono wa kushoto umepotea kwa mistari miwili mizima, kwamba ni wazi mtunzi alisahau kuujaza, na kwamba msikilizaji yeyote angedhani mpigaji amepotea njia. Krismasi ya mwaka huo marehemu alimpigia utungo ukiwa umejazwa, Velma akampongeza, akasema sasa umekamilika, marehemu akamwambia bintiye asante mama, akafunika piano, na kwa kadiri ya kumbukumbu za Mama Truphena hakuupiga tena.

Jumatatu ya wiki hii, akitafuta cheti cha ndoa ili tarehe za historia hii zisiwe za kubahatisha, Velma alifungua faili la baba na kuzisoma karatasi hizo kwa mara ya kwanza. Humo zilikuwemo pia kurasa za utungo, na nota za penseli alizojazia mistari ile miwili zilikuwa zimefutwa mpaka karatasi ikakaribia kutoboka, na chini ya karatasi nambari 17, kwa wino tofauti, marehemu alikuwa ameongeza, "Samahani dereva. Binti yangu amesoma." Hapo hakupiga muhuri.

Velma ameomba isemwe mbele yenu kwamba baba hakusahau kitu, aliyekosea ni yeye, na kwamba alikuwa na miaka miwili ya kumuuliza swali moja na hakuuliza.

Marehemu alianza kuugua figo mwezi Mei mwaka huu, akatibiwa mjini Busia kwa miezi sita, akafariki Jumamosi, tarehe 8 Novemba 2025, saa kumi na dakika ishirini alasiri, Mama Truphena akiwa ameshika mkono wake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotuletea kuni, maji na mahema, mawakala wa Malaba waliofunga ofisi leo, na kwaya ya parokia. Shukrani za pekee ni kwa Bwana Kiptoo, ambaye nambari yake ya simu ilikuwa kwenye karatasi yake, na ambaye alikuwa amerekodi utungo siku ile kwa simu na hakuufuta, akautuma juzi akiwa njiani kurudi kutoka Kampala. Mwalimu Tracy Akol wa kwaya yetu ameusikiliza kwa siku mbili, na sasa hivi ataupiga kwa kinanda hiki kilicho mbele yenu, jinsi ulivyokuwa kabla ya hoja ya tisa. Atakapofika katikati, mkono wa kushoto utanyamaza. Tunawaomba msipige makofi wala msimwonee mwalimu huruma, hajapotea, mkae tu kimya naye mpaka injini iwake tena.

Karatasi nambari 17 tumeiweka ndani ya jeneza, na Velma ameipiga muhuri. Pumzika kwa amani, Baba, hoja yako imejibiwa.