"Dada, Ngapi?": Maisha ya Erondina Padilha Goulart (1948–2023)

Tunayemsindikiza leo ni Erondina Padilha Goulart. Wengi mlimwita Dina, na baadhi yenu, kwa utani uliodumu kuliko ulivyostahili, mlimwita Dina wa Jiko. Leo itasemwa jina hilo lilikotoka, kisha lizikwe na lisitamkwe tena.

Dina alizaliwa tarehe 14 Machi 1948 hapa hapa Rincão Comprido, katika milima ya São Joaquim, akiwa mtoto wa kwanza wa Bento Padilha na Maria Etelvina. Mama yao alifariki Dina akiwa na miaka kumi na miwili, akamwachia mdogo wake, Lourival, aliyekuwa na miaka mitano. Dina alimlea. Alimpikia, alimshonea, alimpasha miguu kwa mikono yake asubuhi za baridi. Kwa Lourival neno "dada" lilitosha kwa kila haja: njaa, kiu, hata woga wa radi.

Alisoma madarasa manne katika shule ya chumba kimoja iliyokuwa kando ya kanisa. Mwalimu alitaka aendelee mjini, lakini hakwenda, kwa sababu nyumbani kulikuwa na mtoto wa kulisha. Watu hupenda kusema kwamba wanawake wa wakati ule waliridhika na kidogo. Dina hakuridhika. Alinyamaza tu, na kunyamaza si kuridhika.

Tarehe 24 Mei 1969 aliolewa na Valmor Goulart, dereva wa lori la mbao, wakajaliwa watoto wawili, Marli na Adilson. Matufaha yalipoingia milimani kwetu, Dina na Valmor walipanda miche yao huku juu. Lourival, ambaye sasa alikuwa na mke na shamba lake, alipanda bondeni, ng'ambo ya uzio wa kusini. Siku moja Valmor alirudi kutoka mji wa Lages na kipimajoto cha kioo. Akakitundika mahali ambapo kila familia ya hapa hukitundika: ukuta wa nje wa jikoni, kando ya dirisha, ili mtu akisome akiwa ameketi, kibuyu cha chai ya majani ya mate mkononi, bila kufungua mlango na kuikaribisha baridi ndani.

Lourival hakuwa na kipimajoto. Kila jioni ya msimu wa maua alipanda hadi kwenye uzio na kuita, "Dada, ngapi?" Dina alichungulia dirishani akamjibu. Namba ikiwa ndogo, Lourival aliwasha maranda ya mbao kwenye mapipa yaliyopangwa kati ya miti, ili joto na moshi vikinge maua yasiungue kwa jalidi, umande ulioganda kwa baridi. Ikiwa kubwa, alikwenda kulala.

Jioni ya tarehe 3 Oktoba 1991 Dina alikuwa na wageni. Jiko la kuni lilijazwa tangu mchana, mkate ukiokwa, mbegu za msonobari zikichomwa juu ya bamba. Lourival aliita. Dina alichungulia, akajibu, "Nne." Lourival alicheka, akasema kumbe Mungu naye hupumzika, akarudi kwake. Kulipokucha, nyasi za bondeni zilikuwa nyeupe, na kila ua la mtufaha lilikuwa jeusi katikati. Zao zima la mwaka lilikuwa limekwenda.

Lourival alipanda hadi kwenye uzio, akautazama ukuta wa jikoni, akauona moshi ukitoka kwenye bomba hatua chache kutoka kwenye kile kioo. Akaelewa. Alisema maneno manne tu: "Ulinisomea jiko lako, Dina." Hakusema dada. Tangu siku ile hakulisema tena.

Maneno yale yalifika dukani na kanisani, na jina la Dina wa Jiko likazaliwa. Watu walimwuliza Dina kama wanaweza kuja kuota moto kwenye kipimajoto chake. Kipimajoto cha nani katika bonde hili hakikuwa kwenye ukuta wa jikoni? Cha nani hakikuwa kikipima kuni? Kosa lilikuwa la kijiji kizima, lakini lilibebeshwa mwanamke mmoja, kwa sababu yeye ndiye aliyejibu alipoulizwa.

Dina hakujitetea. Alikitoa kile kioo ukutani. Aliponda barafu, akaichanganya na maji kidogo kwenye bakuli, akakoroga, akakitumbukiza humo. Kilitakiwa kutulia kwenye sifuri. Kilitulia kwenye moja.

"Ni moja tu, mke wangu," Valmor alimwambia.

"Moja ndiyo maua," akajibu.

Akanunua kingine na kingine, akivijaribu hivyo hivyo mpaka akapata kinachosema kweli. Valmor alimtengenezea kisanduku cha mbao chenye pande za vibao vilivyolala mshazari, upepo upite, jua lisiingie. Wakakipaka rangi nyeupe, wakakisimamisha juu ya nguzo, usawa wa macho yake, kwenye nyasi, mbali na nyumba, mbali na zege. Kijitabu alichoazima parokiani kilisema mlango utazame kaskazini. Dina alitii. Kila alipofungua mchana, jua liliingia moja kwa moja hadi kwenye kioo, na majirani wakasema sasa ameacha kupima jiko, anapima jua. Kijitabu kilikuwa kimetafsiriwa kutoka nchi za upande wa pili wa dunia, ambako jua hupita kusini. Ndivyo tunavyofundishwa watu wa huku: kupanga nyumba zetu kwa jua la wengine. Dina alikigeuza kisanduku, na mlango ukatazama kusini, yaani bondeni, yaani kwa Lourival.

Tangu hapo, kila jioni ya msimu wa maua, alifungua kile kijimlango, akabana pumzi ili asikipashe joto, akaliweka jicho sawasawa na ncha ya mstari mwekundu. Kisha akaitamka namba kwa sauti kuelekea bondeni, akiipunguza kidogo, maana alijua baridi nzito huteremka kama maji na kutuama chini. Hakuna aliyemjibu. Lourival alijinunulia kipimajoto chake, na Marli alipochungulia kupitia uzio alikiona kiko wapi: ukuta wa jikoni.

"Si umwambie?" Marli aliuliza.

"Nikimwambia atadhani namcheka. Acha niseme namba."

Miaka ilipita hivyo. Valmor alifariki mwaka 2004, na Dina akaendelea. Usiku wa baridi moshi wa mapipa ulipanda kutoka bondeni. Dina alisema labda Lourival amekitoa chake ukutani, na akafurahi kwa ajili yake.

Mwaka 2021 moyo wake ulianza kuchoka na miguu ikavimba. Hata akiwa mgonjwa hakuacha kuwa Dina. Muuguzi alipompima homa, Dina alimwuliza kwa upole kama kile kidude kimeshajaribiwa kwenye barafu. Jioni ya tarehe 7 Julai 2023 alimwomba Marli akasome na kutamka.

"Mama, wala si msimu wa maua."

"Sema tu."

Marli akasema: moja chini ya sifuri. Dina alifariki nyumbani alfajiri iliyofuata, siku ya Jumamosi.

Asubuhi hiyo, jeneza likiwa limeshawekwa sebuleni, sauti ya mzee iliita kutoka kwenye uzio: "Dada, ngapi?"

Marli ndiye aliyetoka. Alifungua kisanduku, akabana pumzi, akasoma. "Mbili, mjomba."

Lourival alivua kofia. "Mapipa yangu nimeyawasha kwa namba zake," alisema. "Miaka yote. Nilikuwa nafungua dirisha nisikie."

"Mbona hukumwambia?"

Mzee alivuka uzio, akakishika kile kisanduku kwa mikono miwili, kama mtu anayetafuta joto. "Nilidhani anajua," akasema.

Hakujua, ndugu zangu. Aliondoka bila kujua. Kama kuna mtu hapa anayefungua dirisha kwa siri ili amsikilize mwenzake, aende leo akamwambie.

Dina ameacha watoto wawili, Marli na Adilson, wajukuu watano, na mdogo wake, Lourival, ambaye ameomba kubeba jeneza upande wa mbele. Kisanduku kitabaki pale kilipo, mlango wake ukitazama kusini, na maua yatakapofika mtu atasoma na kutamka. Safari hii atajibiwa.

Pumzika, Dada, mahali ambapo maua hayaungui.